Mfamasia wa kliniki: ana kwa ana, kwa simu, kwa video au kwa ujumbe? Ulinganisho kwa kliniki za mabingwa Nairobi

Kliniki ya moyo, ya kisukari, ya kifafa, ya baridi yabisi au ya saratani inapoamua kuhamishia huduma ya mfamasia kwenye simu, jambo la kwanza kuulizwa kikaoni huwa ni programu gani inunuliwe. Mimi ningeliweka swali hilo mwisho kabisa. La kwanza ni hili: katika kazi anayoifanya mfamasia, ni ipi inayodai mgonjwa awe mbele yake, na ni ipi iliyokuwa mazungumzo tu tangu hapo, mgonjwa akalipa nauli kutoka Kitengela hadi Upper Hill ili aje kuyasikia?

Nitalinganisha njia nne: ana kwa ana, simu ya sauti, video, na ujumbe wa maandishi. Msimamo wangu nautaja mapema. Kwa wagonjwa wengi wa Nairobi wanaomeza dawa za muda mrefu, simu ya kawaida ya sauti, iliyopangiwa siku na saa, inashinda video kwa mbali katika kazi ya ufuatiliaji. Video ina mambo machache ambayo hakuna kingine kinachoyaweza. Na ziara ya kwanza ibaki kliniki.

Kwanza tukubaliane tunahamisha nini

Kutoa dawa dirishani ni kazi moja, famasia ya kliniki ni nyingine. Hii ya pili ni kupitia faili, kusoma matokeo ya maabara, kumuuliza mgonjwa dawa anazimezaje, kutafuta dawa zinazogongana, kumpendekezea daktari dozi ibadilishwe, kisha kufuatilia kama mabadiliko hayo yamesaidia. Bodaboda anaweza kufikisha dawa mlangoni Kayole kwa wakati, zikiwa zimefungwa vizuri, na mgonjwa bado asiwe amepata huduma hii hata kidogo. Nimesikia kliniki zikijivunia kwamba zinahudumia wagonjwa kwa mbali, kumbe kinachofanyika ni usafirishaji wa dawa. Usafirishaji ni jambo jema, lakini si hili ninalolizungumzia.

Kenya si mgeni wa kazi hii. Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, wafamasia waliendesha kliniki ya wagonjwa wa warfarin, ile dawa ya kuzuia damu isigande, na matokeo yao yakachapishwa. Na janga la corona lilituonjesha simu kwa lazima: kisa cha kwanza nchini kilitangazwa Machi 13, 2020, na kufikia Aprili 6 serikali ilikuwa imefunga njia za kuingia na kutoka eneo la Nairobi. Mgonjwa wa nje ya mpaka huo aliyekuwa na tarehe ya kliniki mjini alibaki na simu yake tu. Tofauti ya sasa ni kwamba tunachagua, kwa hiyo tuna wajibu wa kuchagua vizuri.

Ana kwa ana

Mkono ndio unaoitetea njia hii. Mgonjwa wa insulini aliyezoea kujidunga mahali pamoja hujenga uvimbe laini chini ya ngozi, na insulini ikidungwa hapo haifyonzwi sawasawa. Sukari inapanda na kushuka bila mpango, daktari anaongeza dozi, mambo yanazidi kuharibika. Uvimbe huo mara nyingi hauonekani kwa macho. Unapapaswa. Hakuna simu wala kamera itakayoupata, na mfamasia anayemhudumia mgonjwa wa insulini bila kumgusa tumbo na mapaja hata mara moja kwa mwaka anafanya nusu ya kazi.

Uzani nao unahitaji mizani inayoaminika, hasa kwa watoto ambao dozi yao hukokotolewa kwa kilo. Kisha kuna mlango unaofungwa. Msichana wa kifafa anayemeza sodium valproate anahitaji kuelezwa kwamba dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni akipata mimba, na kuulizwa kuhusu uzazi wa mpango. Ukimpigia akiwa sebuleni Umoja na mama yake ameketi kando, atakujibu ndiyo na hapana, na hutajua lolote. Hali ni hiyo hiyo kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye nyumbani hajamwambia yeyote.

Lakini tuitazame njia hii ilivyo, tusiipambe. Katika kliniki nyingi, hayo tunayoyaita mazungumzo ya ana kwa ana hufanyika dirishani, foleni ya watu wanane ikisikiliza nyuma. Mgonjwa ameamka kabla ya alfajiri, ameacha kibarua, na mawazo yake yote yako kwenye kurudi stejini kabla ya mvua kunyesha na nauli kupanda. Dawa amezisahau nyumbani. Ukimuuliza anameza nini anakwambia ni ile ndogo nyeupe na ile nyingine ya jioni. Ikiwa huna chumba chenye mlango, usidai kwamba ana kwa ana ina siri kuliko simu, kwa sababu haina.

Simu ya sauti

Faida yake kubwa zaidi sikuwahi kuiona ikitajwa kwenye matangazo ya programu za afya: unapompigia mgonjwa nyumbani, dawa zake zote ziko pale pale alipo. Ziko kwenye kabati, kwenye mkoba, juu ya friji, na zile za jirani pia. Mazungumzo na mgonjwa aliyewekewa vali ya chuma moyoni, aliye kwenye warfarin, huenda hivi:

"Mama, naomba uchukue ile pakiti ya dawa ya damu. Nisomee nambari iliyo karibu na jina."

"Ngoja nimwite kijana, daktari, macho yangu hayasomi hiyo. Anasema ni tano."

"Sawa. Na jana usiku ulimeza ngapi?"

"Moja na nusu, vile uliniambia."

"Kuna dawa nyingine umemeza wiki hii?"

"Hakuna."

"Hata ya tumbo? Ya mafua? Ya kienyeji?"

"Ah, ya tumbo nilipewa pale kwa chemisti. Hiyo niko nayo hapa. Flagyl."

Hapo ndipo kazi ilipo. Flagyl, yaani metronidazole, huongeza nguvu ya warfarin na kumweka mgonjwa katika hatari ya kuvuja damu. Septrin hufanya hivyo hivyo, na fluconazole ya fangasi pia. Rifampicin ya kifua kikuu huenda upande wa pili, ikaivunja nguvu warfarin hadi damu igande. Diclofenac na ibuprofen za maumivu huongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Kliniki, mama huyu angesema "hakuna" na ikaishia hapo, maana kwake dawa ya tumbo si dawa ya kumtajia daktari wa moyo. Angalia pia kwamba mfamasia hakuuliza rangi ya tembe. Rangi hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine, na mgonjwa akibadilishiwa kampuni, tembe ya rangi ile ile inaweza kuwa na nguvu tofauti kabisa. Nambari isomwe kutoka kwenye pakiti, tarakimu moja moja.

Chakula nacho huzungumzika vizuri kwa simu, mtu akiwa jikoni kwake. Sukuma wiki, mchicha, managu na kunde zina vitamini K nyingi, nayo hupunguza nguvu ya warfarin. Kosa linalofanywa ni kumkataza mgonjwa mboga. Mtu wa Nairobi ukimkataza sukuma umemkataza chakula, na hatatii. Mwambie ale kiasi kile kile wiki hadi wiki, ili dozi ipangwe kulingana na mlo wake wa kawaida.

Mapungufu ya simu ni ya kweli. Huoni uso, huoni miguu iliyovimba. Mgonjwa mwenye adabu atakwambia "sawa daktari" kwa kila kitu, hata kile ambacho hakukielewa, kwa hiyo usimuulize kama ameelewa. Mwombe akurudishie maelekezo kwa maneno yake mwenyewe: kesho asubuhi utafanya nini? Halafu lugha. Shosho wa Githurai anayezungumza Kikuyu siku zote atakusikiliza kwa Kiswahili kwa heshima tu, na mjukuu anayetafsiri anaweza kuficha au kuongeza. Kama kliniki ina mfanyakazi anayezungumza lugha yake, yeye ndiye ashike simu pamoja na mfamasia.

Nairobi ina shida nyingine tunayoijua sote: watu hawapokei nambari wasizozifahamu, kwa sababu ya matapeli wa simu. Dawa yake ni rahisi. Siku ya ziara ya kwanza, kabla mgonjwa hajatoka mlangoni, nambari ya kliniki ihifadhiwe kwenye simu yake kwa jina la kliniki au kwa jina analolichagua mwenyewe. Aelezwe wazi kwamba kliniki haitamwomba nambari ya siri ya M-Pesa hata siku moja.

Na saa. Mama mboga anayekwenda Marikiti alfajiri hapatikani asubuhi. Mpigie mchana, kibanda kikiwa kimetulia. Askari wa usiku ukimpigia saa nne asubuhi umemwamsha, na mazungumzo ya mtu aliyeamshwa hayana maana. Ratiba ya simu ipangwe kwa kazi ya mgonjwa, si kwa nafasi ya kliniki pekee. Hili ndilo linaloamua kama huduma itadumu, na ndilo linalopuuzwa.

Video

Naipenda video kwa jambo moja kuliko yote: inhela, kile kifaa cha kuvutia dawa kifuani. Mgonjwa wa pumu anaweza kukueleza kwa maneno sahihi jinsi anavyoitumia, kisha ukimwona unashangaa. Hakuitikisa. Hakutoa pumzi kwanza. Anabonyeza, na wingu jeupe linatoka pembeni mwa midomo badala ya kwenda kifuani. Kwa dakika tano za video unamrekebisha: tikisa, toa pumzi yote, fumba midomo vizuri, vuta taratibu huku ukibonyeza, zuia pumzi kama sekunde 10, subiri kidogo kabla ya mvuto wa pili. Kama inhela ina steroidi, asukutue kinywa na kutema maji. Hilo moja linaweza kuondoa haja ya kuongezewa dawa.

Video pia husaidia kumwona mtu akivuta insulini kwenye sirinji, kuona upele baada ya dawa mpya, kuangalia mahali dawa zinapowekwa. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na haifai kuganda. Iliyofunguliwa, nyingi hudumu takriban siku 28 nje ya friji mahali pasipo joto kali. Mgonjwa akikuonyesha chupa iliyosukumwa nyuma kabisa ya friji, ikigusana na barafu, umepata sababu ya sukari kutoshuka bila kumtoa damu.

Zaidi ya hapo, video ina masharti mengi. Inataka simu ya kisasa, bando, mtandao usiokatika ndani ya nyumba ya mabati, na mtu anayekubali chumba chake kionekane. Wapo wasiokubali, na hawatakwambia sababu. Watakosa tu miadi. Wazee wengi wana simu ya kubonyeza. Kliniki ikifanya video kuwa mlango pekee, itakuwa imewachagua wagonjwa wenye uwezo na kuwaacha wale waliohitaji zaidi kupunguziwa safari. Hapo mimi sikubaliani hata kidogo na wale wanaosema kwamba bila video huduma haijakamilika.

Ujumbe wa maandishi

Hapa tuna ushahidi wa nyumbani, na ni mzuri. Utafiti wa WelTel, uliofanyika katika kliniki za Nairobi na Kajiado na kuchapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2010, uliwafuata watu wazima 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Nusu yao walitumiwa ujumbe mara moja kwa wiki, neno moja tu: "Mambo?" Walitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu. Waliomeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 upande wa ujumbe dhidi ya 50 upande wa huduma ya kawaida, na waliopungukiwa virusi hadi kiwango kinachotakiwa walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Ninavyousoma utafiti huo, ujumbe haukuwa ukumbusho wa kumeza dawa. Ulikuwa mlango wa mgonjwa kusema ana shida, na nyuma ya mlango huo palikuwa na mtu. Utafiti mwingine wa Kenya, uliofanyika Chulaimbo karibu na Kisumu, ulikuta kwamba ukumbusho wa kila wiki ulisaidia lakini wa kila siku haukusaidia. Kliniki inayonunua mfumo wa kuwatumia wagonjwa "Meza dawa yako" kila asubuhi, pasipo mtu wa kusoma majibu, inatupa pesa.

Kuhusu WhatsApp niwe mkali kidogo. Ni rahisi, picha ya pakiti au ya matokeo ya maabara hufika mara moja, na wagonjwa wanaipenda. Lakini mara nyingi inakuwa ni simu binafsi ya mfamasia. Picha za matokeo ya watu zinakaa kando ya picha za harusi ya binamu yake, na mfamasia akihama kazi anaondoka nazo. Ikitumika, iwe ni laini ya kliniki, kifaa cha kliniki, na kila kilicho muhimu kiandikwe kwenye faili kisha kifutwe kwenye simu. Makundi ya wagonjwa yenye majina na nambari zinazoonekana na kila mtu yasitumike kwa ushauri wa dawa za mtu binafsi.

Mgonjwa gani, njia gani

Mgonjwa wa warfarin aanze kliniki, kisha simu, kwa sharti moja: awe na maabara moja karibu naye ambayo ataitumia siku zote, na matokeo yafike kwa mfamasia siku ile ile. Lengo la INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, kwa mtu wa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au aliyeganda damu mguuni, huwa kati ya 2 na 3; kwa vali ya chuma iliyowekwa mahali pa mitral, mojawapo ya vali za moyo, ni 2.5 hadi 3.5. Mfamasia akishakuwa na nambari hiyo, pamoja na majibu ya maswali kama yale ya mama hapo juu, marekebisho mengi ya dozi yanafanyika kwa simu chini ya mwongozo uliosainiwa na daktari bingwa. Akitaja kinyesi cheusi, kichwa kinachouma ghafla kuliko kawaida, au kuanguka na kugonga kichwa, simu inaisha na safari ya hospitali inaanza.

Methotrexate ya baridi yabisi inafaa simu kuliko dawa nyingi, na sababu inatisha. Humezwa mara moja kwa wiki. Mgonjwa akikosea akaimeza kila siku, inaweza kumuua. Swali la mfamasia ni fupi: unaimeza siku gani? Mgonjwa akijibu "kila siku jioni" umeokoa maisha kwa dakika mbili. Akijibu "Jumapili", muulize kama ameandikiwa Septrin na mtu yeyote, kwa sababu mchanganyiko huo unaweza kuangusha uzalishaji wa damu mwilini. Vipimo vya damu na ini vinaendelea kama kawaida katika maabara iliyo karibu.

Kisukari cha tembe kinakwenda vizuri kwa simu, mgonjwa akisoma nambari kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine ya sukari yenyewe, si kutoka daftarini. Daftari hupambwa usiku wa kuamkia kliniki, na simu isiyokuwa na hukumu ndani yake hupunguza haja hiyo. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita, ipimwe kila miezi 3 ikiwa bado haijafikia lengo. Kwa anayemeza pia dolutegravir ya virusi vya UKIMWI, metformin ya kisukari kwa kawaida isizidi miligramu 1,000 kwa siku, na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini zitenganishwe: dolutegravir imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baadaye. Mambo ya namna hii hupotea katikati ya kliniki mbili zisizowasiliana, na mfamasia aliye kwenye simu ndiye anayeyaunganisha. Insulini nimekwisha kuisemea: kliniki, video, na simu katikati.

Aliyepandikizwa figo na anatumia tacrolimus, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo hiyo, apigiwe siku moja kabla ya kipimo, kwa jambo moja: kesho usimeze dawa ya asubuhi hadi utolewe damu, ibebe uje nayo. Akiimeza kwanza, kiwango kitakachosomwa kitapotosha, na dozi yake itapunguzwa bila sababu.

Kifafa kina kitu kinachosahaulika. Carbamazepine, phenytoin na phenobarbital hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi na ya vijiti vya mkononi. Mwanamke anaweza kupata mimba akiamini yuko salama. Mazungumzo ya kwanza kuhusu hili yafanyike mlango umefungwa. Baada ya hapo simu inatosha kama amekubaliana nawe saa ambayo yuko peke yake.

Tembe za saratani zinafaa simu za mara kwa mara mwanzoni: vidonda vya mdomo, kuhara, viganja vinavyochubuka. Lakini mgonjwa aliye kwenye dawa hizo anunue kipima joto, na ajue kwamba homa ya nyuzi 38 si jambo la kusubiri kupigiwa. Ni la kwenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Sheria na siri za mgonjwa

Sheria ya Afya ya 2017 inaitambua huduma ya afya ya kielektroniki kuwa njia halali ya kuhudumia watu, na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imekuja kuijengea utaratibu. Kwa hiyo simu si ujanja wa pembeni. Mfamasia anabaki na wajibu ule ule mbele ya Bodi ya Famasia na Sumu awe dirishani au kwenye laini, na dawa inayohitaji cheti cha daktari inaendelea kukihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika daraja la data nyeti, na uvujaji unaoweza kumdhuru mtu unapaswa kuripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Kwa vitendo, hilo linageuka kuwa mazoea madogo. Anayepokea simu athibitishwe kwa mambo mawili, kwa mfano jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kabla jina la dawa halijatamkwa. Akipokea mtu mwingine, mfamasia ajitambulishe kwa jina lake tu na aombe kupiga baadaye. Asitaje kliniki, kwa sababu jina la kliniki peke yake linaweza kufichua ugonjwa. Katika ziara ya kwanza iandikwe kwenye faili ni nani mwingine, kama yupo, aliyeruhusiwa na mgonjwa kuzungumza kwa niaba yake.

Gharama iko kwenye saa za mfamasia

Nauli na siku ya kazi iliyopotea zinampata mgonjwa, hazionekani kwenye vitabu vya kliniki. Muda wa mfamasia unaonekana. Ndiyo maana wasimamizi wengi huona ana kwa ana kuwa rahisi na simu kuwa mzigo. Wakihesabu pande zote mbili, picha inabadilika: waulize wagonjwa wa kliniki ya Jumanne walilipa nauli kiasi gani kuja na kurudi, na walipoteza kipato gani, ujumlishe, kisha uweke kando gharama ya muda wa maongezi.

Ila simu haiokoi saa za mfamasia. Simu ya ufuatiliaji iliyofanywa vizuri, pamoja na kusoma faili kabla yake na kuandika baada yake, huchukua karibu muda ule ule wa kumwona mtu. Kliniki inayomwambia mfamasia wake apige simu "akipata nafasi", katikati ya foleni ya dirishani, itapata simu za haraka haraka zinazoishia "uko salama? haya, endelea hivyo hivyo." Huduma ya namna hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, maana kwenye faili inaonekana imefanyika. Mpe saa mbili zilizofungwa, chumba, kompyuta yenye faili na matokeo ya maabara, na njia ya kumpata daktari bingwa siku hiyo hiyo. Malipo ama yaingizwe kwenye ada ya kliniki, ama mgonjwa alipe kwa M-Pesa akijua bei kabla ya simu. Kumshtukiza na ada baada ya mazungumzo ni njia ya hakika ya kumfanya asipokee tena.

Kama una mfamasia mmoja tu, ningeanza na wagonjwa wa methotrexate na wa kisukari cha tembe walio na hali tulivu, wote walioonwa kliniki angalau mara moja. Warfarin ifuate baada ya makubaliano na maabara kukamilika na mwongozo wa dozi kusainiwa. Inhela zipewe alasiri moja ya video kwa wiki kwa wanaoweza, na wasioweza waje. Orodha ya kila wiki iwe na safu ya wasiopokea: mara tatu kwa saa tofauti, kisha yule aliyeruhusiwa kwenye faili, kisha muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wao ikiwa mgonjwa alikubali hivyo. Jina lisiondoke kwenye safu hiyo mpaka mtu fulani kwenye kliniki aweze kusema mgonjwa yuko wapi na anameza nini.